Kopo la Mama Shufaa

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu sana. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, anauliza kama Tabora mmeshaanza kula maembe. Najua nimenyamaza tangu Idi, utanisema baadaye. Kwanza nisikilize, nimeaibika.

Unakumbuka nilikwambia nimeanza kupika mafuta ya kujipaka? Ya kwanza yalitoka vizuri mno: nta ya nyuki na mafuta ya nazi, basi. Nikajiona fundi. Mara ya pili nikataka krimu nyeupe, laini kama ya dukani. Nikatia maji ya shubiri na marashi, nikapiga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Ikapendeza! Vikopo sita, kimoja akachukua Mama Shufaa. Kwa pesa taslimu. Na wewe unamjua.

Siku ya tisa kanirudishia kopo mbele ya wateja wa maandazi. Hakusema neno. Kaliweka kando ya karai, akafungua kifuniko. Krimu imefuga ndevu za kijani.

Sasa ndiyo nimejua. Mafuta matupu hayaoti ukungu, ila ukishatia maji, hata kijiko, umewaandalia vijidudu karamu, na joto lenyewe hili letu. Viwandani wanatia dawa ya kuzuia. Mimi nilitia marashi! Mama anasema ningetia mafuta ya karafuu. Makali yale, yakizidi kidogo uso unawaka, na uso wenyewe wa Mama Shufaa.

Nimerudi kwenye yale ya kwanza. Nta kipimo kimoja, mafuta vitano. Huku mafuta ya nazi hayagandi, labda Julai alfajiri tu, kwa hiyo mafuta naweka vinne ili yashike. Nayeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, natonesha tone kwenye kisahani nione linavyoganda. Ya kusafishia uso ndiyo rahisi zaidi: alizeti vijiko vitatu, nyonyo kimoja. Unasugua uso ukiwa mkavu, unafuta kwa kitambaa cha maji ya moto, wanja wote huo unatoka. Nyonyo usizidishe, inanata kama gundi.

Shida yangu nta. Niliyouziwa huku imechanganywa na mshumaa: harufu ya asali hakuna, ukiifinya inameguka badala ya kulainika. Nitafutie kilo mbili za huko kwenu, hata ikiwa na mabawa ya nyuki, nitaichuja kwa kanga kuukuu.

Kwa Mama Shufaa sipiti siku hizi, nazungukia msikitini. Pesa zake nilimpelekea, akazikataa. Hilo ndilo linaloniua, angenitukana ningelala.

Haya, niambie: kilo ni bei gani sasa? Kaka yako bado anakwenda Sikonge kwenye mizinga? Ukimpa konda mzigo, utafika? Na yule mwalimu mmefikia wapi, au nisiulize? Halafu hili nisaidie kweli: nimpelekee Mama Shufaa kopo jipya la bure, au atadhani namkejeli? Nijibu upesi, Ijumaa kuna hitima kwake, na maandazi nimeagizwa mimi.

Wako,
Yule yule