Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Riadha: tupigieni simu

Mheshimiwa Rais,

Salaam. Barua zangu za ofisini hazijajibiwa, kwa hiyo hii naiandika mbele ya watu. Nikivuka mpaka wa adabu, niwie radhi.

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja, niliyepokezana naye vijiti timu ya taifa, alilazwa hospitali kwa sonona. Waandishi walipokuuliza, ulijibu kwamba wanariadha "wajipange mapema wakiwa bado na nguvu." Ahsante kwa ushauri, Mheshimiwa. Ungetufaa zaidi zamani zile, tulipoomba ruhusa ya kusoma, kocha akatuambia mwenye mambo mawili achague moja, nawe kiongozi wa msafara ukaafiki.

Halafu, kujipanga vipi? Mnadhani shida yote ni pesa. Pesa imo, sikatai. Lakini Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani, ana medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu, na amesimulia mwenyewe jinsi alivyozama baada ya Michezo ya London 2012 hadi akafika mahali hakutaka kuishi. Ian Thorpe naye, mwogeleaji wa Australia mwenye dhahabu tano za Olimpiki, amepambana na sonona miaka mingi. Hao nao hawakujipanga?

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuta dalili za wasiwasi au sonona kwa 26% ya wanamichezo wa zamani wa ngazi ya juu. Kwa walio bado mashindanoni ni 34%, nalisema mwenyewe kabla washauri wako hawajalishika. Lakini aliye kambini ana daktari wa timu, ana kocha, ana wenzake wa kumwona asubuhi akishindwa kuamka. Sisi nani anatuona?

Nikueleze nilivyostaafu. Kwa miaka, wapimaji wa dawa za kusisimua misuli walitakiwa kujua ninalala wapi kila usiku, na saa moja ya kila siku nitakayopatikana bila kukosa. Ukikosa mara tatu ndani ya miezi 12, unaweza kufungiwa. Kano ya kisigino ilipokatika mara ya pili nikaandika kwamba basi, nimestaafu. Nikajibiwa upesi, nadhani ndiyo barua pekee mliyowahi kunijibu upesi: jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanaopimwa, na nikitaka kurudi mashindanoni nitoe taarifa miezi 6 kabla. Jioni ile ile nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Tangu hapo hakuna aliyetaka kujua ninalala wapi, au kama ninalala.

Silali, Mheshimiwa. Mimi si daktari, lakini nadhani mwili uliozoeshwa mazoezi asubuhi na jioni tangu utotoni, ukisimamishwa ghafla, unadai chake. Na nadhani wanaotolewa na majeraha huzama zaidi, maana siku ya kuondoka hawakuichagua. Kuna na hili la watu kukuuliza "siku hizi unafanya nini?" Nimeacha kwenda harusini kwa sababu ya swali hilo.

Ulipokuwa unaomba kura uliahidi dawati la wanariadha wastaafu, na mwanasaikolojia wake. Tulikupigia makofi. Dawati hilo nimelitafuta. Chumba nilichoelekezwa kimejaa mabango ya mdhamini. Kila mwaka lakini mnatualika kwenye hafla ya tuzo, mnatuita mashujaa, tunapigwa picha na wewe, kisha tunaonyeshwa mlango kabla ya chakula cha wageni rasmi.

Basi nimepunguza madai. Dawati acha. Mwanasaikolojia akipatikana, tutashukuru. Ninachoomba ni mtu mmoja, mwenye simu na orodha ya waliostaafu, awapigie kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Aulize tu: unalala? Unakula? Uko na nani? Na akisikia sauti si ya kawaida, ajue daktari gani wa kumpigia. Mliweza kutufuata alfajiri mkitaka mkojo wetu. Simu haiwashindi.

Tupigieni simu. Mwenzetu bado yuko wodini, na namba yake mnayo, ndiyo ile mliyokuwa mkimpigia kumwita kambini. Anzeni na yeye, leo.

Wako katika michezo,
Mwanariadha mstaafu, mita 400