Barua kwa Athmani: anayesimama na anayekimbia

Baltimore, Oktoba

Ndugu yangu Athmani,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kubisha hodi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye basi. Eti katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi) anayekimbia ni mtu aliyeshindwa kuusoma mchezo, akaamua kuponea miguuni! Nilicheka mpaka mama mmoja pembeni akanigeukia. Tangu mpwa wako akuonyeshe mechi za zamani za Tom Brady, kwotabeki wa kusimama, umekuwa hakimu. Haya, hili halijibiwi kwa sauti ya dakika mbili.

Kuhusu Brady sikubishii. Mwaka 2000, timu zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, zilimpita na kumpita hadi akachaguliwa namba 199. Kwenye majaribio alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, na wapo wale wanene wa mstari wa mbele, wenye kilo 140, wanaokimbia kumshinda. Mtu huyo kaondoka na pete saba za ubingwa wa Super Bowl, ile fainali ya ligi, sita akiwa na timu ya New England na moja na Tampa Bay. Ila ukirudi kuzitazama mechi zake, achana na mkono wake, mwangalie miguu. Watu watano wa mbele wamemjengea ukuta, yeye yuko nyuma yake kwenye kile kijinafasi wanachokiita poketi. Beki anazunguka ukuta kwa pembeni, anakuja mbio kama kafunguliwa. Brady husogea nusu hatua mbele, nusu tu, lile jitu linapita nyuma ya mgongo wake na mpira umeshatoka. Huko ndiko unakokuita kusimama. Na Peyton Manning, kwotabeki mwingine wa kusimama, ndiyo kabisa, kazi yake ilikuwa inaisha kabla mchezo haujaanza: ananyoosha kidole, anahamisha watu, anapiga kelele "Omaha", neno lake la ishara, mabeki wanababaika. Mwaka 2013, shingo imeshapasuliwa mara kadhaa, alitupa pasi 55 za tachidauni, yaani za kufunga, katika msimu mmoja.

Sasa njoo kwa Lamar Jackson, kwotabeki wetu wa Ravens, timu ya hapa Baltimore.

Kwa kawaida kwotabeki akishamkabidhi mkimbiaji mpira, anabaki mtazamaji kama wewe na mimi. Wenzake wamebaki 10, mabeki ni 11, na mmoja wa hao 10 ndiye mwenye mpira. Ina maana kila mara kuna beki asiye na wa kumzuia. Ravens walichofanya ni kumwacha beki mmoja wa pembeni makusudi, asiguswe na mtu. Lamar anaushindilia mpira tumboni mwa mkimbiaji lakini hauachii, macho yake yako kwa yule beki tu. Beki akimvamia mkimbiaji, Lamar anauchomoa mpira na kupita palepale beki alipotoka. Beki akitulia kumngoja Lamar, mpira unaachwa kwa mkimbiaji, twende. Jamaa hajaguswa, na lolote atakalochagua ni kosa. Niambie hapo nani hajausoma mchezo! Yule anausoma huku mpira uko mikononi mwa watu wawili.

Mwaka 2019 ndio uliowanyamazisha wengi. Alikimbia yadi 1,206, rekodi kwa kwotabeki. Kule Cincinnati alizunguka kama pia katikati ya mabeki, akawaacha wanakumbatiana wenyewe kwa wenyewe. Hilo mpwa wako atakuwa amekuonyesha. Lakini msimu uleule aliongoza ligi nzima kwa pasi za tachidauni, 36, na tuzo ya mchezaji bora akapewa kwa kura zote 50. Hilo naona hakukuonyesha.

Na mwaka mmoja tu nyuma yake, walikuwepo wazee wa mchezo waliosema hadharani aache ukwotabeki, awe mpokeaji wa pasi. Alichaguliwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Hapa ndipo maneno yako yaliponigusa kidogo, ingawa najua hukukusudia. Wachezaji weusi waliambiwa hivyo kwa miaka mingi: una mbio, hamia pengine, kufikiri waachie wengine. Warren Moon alikuwa mtu wa kusimama na kutupa, mkono safi kabisa, na mwaka 1978 hakuna timu hata moja ya NFL, ligi kuu ya Marekani, iliyomchagua. Akaenda Kanada, akachukua ubingwa wa huko mara tano mfululizo na timu ya Edmonton, ndipo NFL wakamkumbuka. Doug Williams naye hakuwa mkimbiaji. Januari 1988, kwenye Super Bowl, akiwa na timu ya Washington alitupa tachidauni nne katika robo ya pili peke yake, wakaifunga Denver 42 kwa 10. Kwa hiyo mtu akianza na "huyu ni wa kukimbia, yule ni wa kufikiri," mimi hutega sikio nijue anataka kufika wapi.

Hasara za kukimbia zipo, sizifichi. Robert Griffin, kwotabeki mwenye mbio, alikuja Washington kama kimbunga mwaka 2012, na Januari iliyofuata goti likamsaliti uwanjani, hakurudi kuwa yule tena. Na miguu haiponyi ukuta uliobomoka. Februari 2021, kwenye Super Bowl, Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, alikimbizwa uwanja mzima kama kuku wa sikukuu, huku Brady wa miaka 43 akisimama palepale pake na kushinda 31 kwa 9. Furahi, hilo nakupa. Lakini miaka miwili baadaye, kwenye Super Bowl nyingine, Mahomes huyohuyo, kifundo cha mguu kimeteguka, alichomoka yadi 26 dakika za mwisho na Kansas City wakaishinda Philadelphia 38 kwa 35. Hata asipokimbia, beki mmoja lazima afanywe kivuli chake, na huyo ni mtu aliyepungua kwenye kuwakaba wapokeaji. Nikipewa timu kesho nachukua mwenye miguu, mradi awe ameshafundishwa kutulia kwanza.

Lamar hana pete bado, usijisumbue kunikumbusha. Januari 2024 tulifungwa na Kansas City 17 kwa 10 hapahapa nyumbani, na ukitaka kujua kwa nini, muulize aliyewaambia Ravens waache kukimbia siku ile.

Mechi nyingi za Jumapili zinaanza saa saba mchana huku, kwenu saa mbili au saa tatu usiku, haikunyimi usingizi. Super Bowl ndiyo itakuua, saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Msalimie shemeji, na mpe mzee shikamoo yangu. Zile picha za shamba la Muheza bado nazingoja.

Wako,
Saidi