Paa Huvujia Pale Bati Linapokutana na Ukuta

Mwezi wa Juni uliopita, masika yalipokwisha, tuliitwa na bibi mmoja anayeishi Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, aliyetaka tumpigie hesabu ya kubadilisha mabati ya nyumba yake yote. Chumba chake cha juu kilikuwa kikivuja kwa mwaka wa tatu, na mafundi walikuwa wameshapishana pale, kila mmoja akipanda, akipaka kitu cheusi, akishuka na kulipwa. Tulipopanda sisi tuliyakuta mabati ni mazima, hata rangi yake haijababuka. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mstari mmoja tu, upande ambao paa linagota ukuta wa jirani ulio mrefu zaidi, ambapo mtu alikuwa amejaza saruji kati ya bati na mawe. Saruji ile ilikuwa imeachana na bati, na ncha ya kisu ilipita kwenye ufa wake bila ya kulazimishwa, kwa urefu wa karibu mita nne. Tulipomweleza kwamba hahitaji mabati mapya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, pesa nilizomwaga juu ya paa hili zingeshanitilia jiko jipya."

Kisa hicho ndicho tunachokutana nacho mara nyingi kuliko kingine chochote katika kazi yetu, na ndiyo maana tumeona tukieleze kwa urefu, ili mwenye nyumba ajue anachopaswa kukiuliza kabla hajatoa fedha.

Kilichokosekana pale ni bati la maungio, ambalo mafundi wengi hulitaja kwa jina la flashingi. Ni ukanda wa bati uliokunjwa, unaowekwa kila mahali ambapo paa linakatizwa na kitu kingine, kama vile ukuta, ukingo, bomba la kutolea hewa, kibanda cha ngazi au paa jingine. Kazi yake ni kuyapokea maji yanayoteremka ukutani na kuyamwaga juu ya bati la paa, ili yaendelee na safari yake mpaka kwenye mfereji. Kwa kuwa halionekani kutoka barabarani, katika hesabu ya fundi huwa ni mstari wa mwisho, ikiwa limeandikwa kabisa.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na nyingi kati ya hizo ziliezekwa kwa sakafu bapa ya chokaa iliyopigwa juu ya boriti za mikoko. Sakafu hizo zilihitaji kutunzwa kila mwaka, na zisipotunzwa zilivuja, kwa hiyo wenyewe wakaja kuzifunika kwa mapaa ya mabati yenye mwinamo. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu kuta zilizokuwa zikingoja sakafu bapa zililazimika kupokea bati ambalo hazikujengewa. Mawe hayalingani, ukuta umetuna huku na kubonyea kule, na mstari wa maungio hauendi sawa hata kwa hatua mbili.

Zaidi ya hayo, bati na ukuta havina mwendo mmoja. Bati la chuma lenye urefu wa mita 6 hurefuka kwa karibu milimita 3 joto lake linapopanda kwa nyuzi 40, na bati lililo juani hupata tofauti hiyo kati ya alfajiri na adhuhuri. Aluminiamu hurefuka karibu mara mbili ya hapo. Ukuta mnene wa mawe, kwa upande wake, hubaki karibu pale pale kutwa nzima. Ukiviunganisha viwili hivi kwa kitu kigumu kama saruji, kila siku bati litavuta asubuhi na kurudi usiku, na baada ya miezi michache saruji itaachia. Ndiyo maana fundi aliyeziba kwa saruji mwezi wa Agosti huonekana hodari mpaka vuli, na masika yakifika simu yake haipatikani. Silikoni hustahimili zaidi kwa kuwa inavutika, lakini haishiki vyema juu ya chokaa inayotoa vumbi. Sisi huitumia kama msaidizi tu.

Saruji ina ubaya mwingine ulio mkubwa kuliko ufa. Ukuta wa chokaa na matumbawe hunywa maji na kuyatoa tena kwa njia ya hewa, na kwa namna hiyo umeishi miaka yote hii. Ukiufunga kwa saruji ngumu, maji yaliyokwisha kuingia hukosa pa kutokea, yakateremka ndani kwa ndani mpaka yakakuta vichwa vya boriti. Mwenye nyumba ataona doa la kahawia kwenye kona ya chumba akadhani ndilo tatizo lenyewe, ilhali tatizo limejificha ndani ya ukuta, ambapo kichwa cha boriti kilichozama kwenye mawe kinaoza pole pole na kuwakaribisha mchwa, ambao wanapenda sana mti wenye unyevu. Ukiona mchanga mwembamba unadondoka kwenye dari karibu na ukuta, au lipu inatoa unga mweupe wa chumvi, au ukigonga boriti karibu na ukuta inatoa sauti ya kitu kitupu, usingoje mvua nyingine.

Kisha ipo chumvi ya bahari. Wateja wengi hutazama sehemu ya juu ya bati, wakaiona safi, wakaridhika. Lakini sehemu inayonyeshewa huoshwa chumvi yake na kila mvua, na sehemu iliyojificha chini ya mkunjo hailambwi na mvua hata siku moja. Chumvi inayoletwa na upepo hujikusanya pale, ikavuta unyevu wa usiku, na bati likaliwa kutoka chini kwenda juu. Tumewahi kuling'oa bati la maungio lililokuwa na rangi nzuri juu, na lilipogeuzwa likamomonyoka mkononi kama kaki. Kwa nyumba zinazotazama bahari upande wa Shangani na Forodhani, tunashauri mikunjo hiyo ifunuliwe na kutazamwa chini yake kila mwaka, na isimwagiwe maji ya kisima chenye chumvi kwa kisingizio cha kuisafisha.

Namna tunavyoifanya kazi hii ni kama ifuatavyo. Kwanza tunaondoa saruji na lami zote za zamani kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, kwa kuwa jiwe la matumbawe ni laini kuliko saruji iliyolishika na likipigwa kwa hasira huondoka pamoja nayo. Hatutumii mashine ya kukatia kwenye kuta za namna hii isipokuwa pale ambapo hakuna budi, maana mtikisiko wake hulegeza chokaa ya ndani. Baada ya hapo tunachonga mfuo ukutani wenye kina cha milimita 25 hadi 30, usiopungua milimita 150 juu ya uso wa paa, ili mvua ya kishindo inaporuka kutoka kwenye bati isiufikie. Paa linaposhuka kandokando ya ukuta, mfuo huchongwa kwa vidato kama ngazi, ukifuata matabaka ya mawe kadiri yanavyoruhusu.

Bati la maungio lenyewe tunaliweka vipande viwili, na hili ndilo jambo tunalomwomba kila mteja alikumbuke hata kama atampa kazi fundi mwingine. Kipande cha chini hufungwa kwenye paa na kupanda ukutani bila ya kufungwa huko. Kipande cha juu huingia kwenye mfuo na kuteremka kukifunika cha chini, nacho hakifungwi kwenye paa. Hivyo bati la paa linaporefuka na kusinyaa, kipande cha chini huteleza nyuma ya cha juu bila ya kuvutana na ukuta, na maji hayapati njia kwa kuwa yanateremka kutoka juu ya kimoja kwenda juu ya kingine. Vipande vinavyofuatana hupandana kwa milimita 100 au zaidi, na kile kilicho upande wa juu wa mwinamo ndicho kinachokaa juu. Ukimwona fundi anavipigilia vyote viwili pamoja msumari mmoja, mwambie asite.

Mfuo hujazwa chokaa iliyolowekwa vizuri na kuchanganywa na mchanga safi usio wa pwani. Chokaa haikauki kama saruji. Hukomaa kwa kuvuta hewa, polepole, na ikikaushwa na jua siku ya kwanza hupasuka. Kwa hiyo tunaifunika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, na huwa tunamwomba mwenye nyumba ampe mtu jukumu la kuyarushia maji asubuhi na jioni. Na kwa kuwa chokaa mbichi, sawasawa na saruji mbichi, hula zinki na aluminiamu, sehemu ya bati inayoingia kwenye mfuo tunaipaka rangi ya lami kwanza.

Kuhusu bati la kutumia, bati jembamba la geji 30 linalouzwa kwa bei nafuu lisitumike kwenye maungio, hata kama limetumika kwenye paa zima. Tunapendelea geji 26 au nzito zaidi (namba ya geji ikipungua, bati huwa nene zaidi), yenye ganda la aluminiamu na zinki kwa pamoja, iliyopakwa rangi pande zote mbili. Misumari na skrubu ziwe za aina inayokubaliana na bati. Shaba haifai kabisa karibu na mabati haya, kwani maji yanayopita juu ya shaba na kuangukia bati hulitoboa. Risasi, ambayo katika nchi nyingine ndiyo inayopendwa kwa kazi hii kwa kuwa inakunjika kirahisi, hatuitumii: nyumba nyingi hapa hukinga maji ya mvua kwenye matangi, na hatutaki kumtilia mtu risasi katika maji anayoyapikia chai.

Mahali panapotutesa kuliko pote ni mfereji ulioko kati ya mapaa mawili, hasa paa moja likiwa la mteja wetu na jingine la jirani. Mfereji huo ukiziba, maji hupanda nyuma ya bati la maungio hata kama limewekwa kwa ufundi wa hali ya juu. Kinachouziba mara nyingi ni majani ya mkungu na viota vya kunguru, wale walioletwa visiwani mwishoni mwa karne ya 19 na ambao mpaka leo hawajakubali kuondoka. Katika kiota kimoja tulikuta waya, vijiti na nusu ya henga ya nguo. Lakini kazi ngumu zaidi ni kupata ridhaa, kwa sababu kila jirani huamini kwamba mfereji ni wa mwenzake. Hatugusi mfereji wa shirika kabla wenyewe hawajakaa na kukubaliana, tena mbele yetu.

Kazi ikikamilika hatuondoki kabla ya kuijaribu. Mmoja wetu hukaa chumbani na tochi, mwingine hupanda na mpira wa maji, akianza sehemu ya chini kabisa ya maungio na kupanda kidogo kidogo, akikaa dakika kumi hadi kumi na tano kila mahali. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali kwa pamoja na hutajua yameingilia wapi. Kule Mkunazini jaribio la kwanza lilitufedhehesha: doa lilijitokeza upya, na tukakuta mfuo mmoja haukujazwa mpaka mwisho, nyuma ya bomba. Tulirudia sehemu ile bila ya malipo, na siku tatu baadaye tulipomwagia tena, chumba kilibaki kikavu.

Wakati mzuri wa kutuita ni mara tu masika yanapokwisha, madoa yakiwa bado mabichi na rahisi kufuatwa. Kazi yenyewe huenda vizuri kuanzia Julai hadi Septemba, kuta zikiwa zimekwisha kupumua. Wengi hutuita Machi, mawingu yakiwa yameshaning'inia, na wakati huo tunachoweza kukifanya ni kufunika kwa turubai na kungoja. Kwa nyumba zilizomo ndani ya eneo la hifadhi, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitafutwe kabla ya kupandisha ngazi, na ikiwa nyumba ni ya wakfu au ya serikali, mpangaji aanze kwa kumwarifu mwenye mali kwa maandishi. Tutakapokuja kutazama tutaomba kuingia chumba kinachovuja, chumba kilicho chini yake, na ikiwezekana juu ya paa la jirani. Tafadhali mzungumze naye mapema, na doa lisipakwe rangi mpaka tulione.