Barua ya wazi kwa mjomba wangu, mpishi wa meli

Mjomba, shikamoo.

Kila zikisimuliwa habari za vita vya baharini, wewe huuliza: nani aliwapikia? Nimepata meli itakayokugusa.

Inaitwa Medway Queen. Iliundwa Troon, Scotland, mwaka 1924, ikawa inawapeleka watu wa mto Medway kupunga upepo Southend na Herne Bay. Ni meli ya mvuke yenye magurudumu mawili makubwa ya makasia, moja kila ubavu. Vita vilipoanza 1939 ilihamisha watoto kutoka Kent, kisha Jeshi la Wanamaji likaichukua kusaka mabomu yaliyotegwa baharini. Sehemu ya chini ya meli za aina hii haiingii sana ndani ya maji, ndiyo maana zilifaa kazi hiyo.

Mwishoni mwa Mei 1940 ikatumwa Dunkirk, Ufaransa, ambako maelfu ya askari wa Uingereza na washirika wake walikuwa wamezingirwa ufukweni na Wajerumani. Ilikwenda na kurudi mara saba, ikaokoa watu wapatao 7,000. Fikiria jiko lake, Mjomba! Lilijengwa kwa ajili ya chai ya watalii, sasa sitaha nzima imejaa wanaume waliolowa, wenye njaa ya siku kadhaa, nao wapishi wamebanana mle ndani wakihangaika kuwapatia chochote cha moto. Mwenzake Brighton Belle alipogonga mabaki ya meli na kuanza kuzama, Medway Queen ikaja ubavuni ikawachukua watu wake. Safari ya mwisho manowari ilisukumwa na mlipuko ikaigonga, gurudumu la kulia likaumia vibaya. Ikajikongoja hivyo hivyo hadi Dover.

Baada ya vita ikarudia abiria wake hadi 1963, kisha ikawa klabu ya starehe kisiwani Wight, halafu ikaachwa ioze. Hapo ndipo ninapokasirika. Bahati nzuri wakatokea watu wa kujitolea, wakairudisha Medway miaka ya themanini. Bodi jipya likaundwa Bristol, mabati yakiunganishwa kwa ribiti kama zamani, na mwaka 2013 ikavutwa hadi Gillingham.

Wapo wanaosema hiyo si meli ile tena. Mimi siwakubalii, maana injini ni ile ile ya 1924. Ukienda kumsalimia binti yako Uingereza, mwambie akupeleke Gillingham, na uwaulize wale wazee wanaoitunza yote unayotaka kujua kuhusu jiko.

Mpwa wako.