Somo la mashine rahisi lianzie uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa mashine rahisi katika shule za msingi. Mwanangu alikariri madaraja matatu ya nyenzo, yaani vifaa vinavyoinua au kusukuma mzigo kwa kugeukia sehemu moja, bila kosa, lakini nilipomwomba anioneshe egemeo la toroli letu, yaani sehemu linapogeukia, alinyamaza, nami niliumia, kwa kuwa mtoto huyo huyo hulisukuma kila Jumamosi akileta maji.

Mwalimu hahitaji maabara. Mtaimbo wa sentimita 120, ukiegemezwa kwenye jiwe lililo sentimita 20 kutoka kwenye mzigo, huinua kilo 50 kwa jitihada, yaani nguvu ya kusukuma ncha ya pili, inayolingana na uzito wa kilo 10 tu, tukiacha uzito wa mtaimbo wenyewe. Na mtoto akilisogeza jiwe hilo kwa mkono wake, ataihisi tofauti kabla ya kuandikiwa kanuni. Roda moja ya kisimani (gurudumu la kupitishia kamba), isiyohama, haipunguzi jitihada bali hubadili mwelekeo wake, jambo ambalo hata sisi wazazi hulikosea.

Nawasihi walimu walitoe somo hili nje ya darasa, na mitihani nayo iulize kuhusu shoka, mkasi na koleo la mkaa.

Mzazi,
Morogoro