Kabla Hujamwagiza Fundi Upinde

Nakuru,
14 Juni 2025.

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku Nakuru, na umfikishie mama watoto salamu zangu za heshima. Barua yako niliipata salama, nikafurahi kusoma kwamba umeamua kumwagiza fundi wetu akutengenezee upinde wa mbao wa rikavu, yaani wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, unaofanana na huu wangu, na kwamba ungependa uwe na nguvu ya ratili (paundi) 45 ili usiuone mdogo baada ya muda mfupi. Nakusihi, ndugu yangu, usiagize ratili 45. Agiza 30, au 35 ukiona lazima, na fedha utakazookoa uziweke kwenye mishale. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kukupigia simu, kwa kuwa yanahitaji maelezo, na katika simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Ratili zinazoandikwa kwenye upinde hupimwa ugwe, yaani kamba ya upinde, unapovutwa hadi inchi 28. Anayevuta chini ya hapo hupata nguvu pungufu kwa takriban ratili 2 kwa kila inchi, na anayevuta zaidi huongezewa kwa kiasi hicho hicho. Sina shaka kwamba mwili wako unaweza kuvuta ratili 45. Shida haiko kwenye kuvuta, bali kwenye kutulia ukiwa umekwisha kuvuta. Pinde zile zenye magurudumu kwenye ncha humpunguzia mpigaji uzito mvuto unapofika mwisho, lakini rikavu haimpunguzii chochote: pale unapohitaji bega tulivu na pumzi iliyopoa, ndipo uzito wote unapokuwa juu ya vidole vitatu. Mtu anayelemewa huanza kuachia kabla hajalenga, na tabia hiyo ikishaingia mwilini kuing'oa ni kazi ya miezi. Nimewaona vijana wenye nguvu kuliko sisi wakiacha mchezo huu kwa sababu hiyo tu, wakidhani hawana macho ya shabaha.

Upinde wangu una urefu wa inchi 62 kutoka ncha hadi ncha. Mshikio wake umechongwa kutoka mvule wa meza kuukuu, mbao iliyokauka kwa miaka mingi kiasi kwamba haina tena hamu ya kujipinda, na mabawa yake mawili, la juu na la chini, ni tabaka za mwanzi zilizounganishwa kwa gundi na kubanwa kwenye kalibu mpaka zikashika umbo. Kwenye ncha fundi ametia vipande vya pembe ya ng'ombe ili ugwe usiile mbao. Ncha hizo zimepinda kwenda mbele, upande wa shabaha, na ugwe ukiwa umefungwa hulala juu ya mikunjo hiyo. Unapovuta, mikunjo hufunguka polepole, na kwa njia hiyo upinde mfupi hutunza nguvu nyingi bila kukaza ghafla katika inchi za mwisho. Ukiugeuza kwenye mwanga wa asubuhi utaona mistari myembamba ya mwanzi ikienda moja kwa moja tangu mshikioni hadi kwenye pembe, bila kukatika mahali popote. Ukienda kuukagua wako, tazama mistari hiyo kabla ya kutazama rangi. Kisha mwombe fundi auweke kwenye kigingi cha ukutani na kuvuta ugwe kwa kamba huku wewe umesimama mbali kidogo, ili uone kama mabawa yote mawili yanapinda kwa ulingano. Fundi mwaminifu atafurahi kuombwa hivyo.

Usiulinganishe na upinde wa Olimpiki. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya katika sherehe za ufunguzi huko Rio mwaka 2016, alipiga rikavu pia, lakini ile ya mashindano ina kilengeo na vyuma virefu vya kuutuliza upinde, na hupigwa kutoka mita 70 kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122. Upinde wetu hauna hata kimoja kati ya vifaa hivyo. Tunalenga kwa kuitazama ncha ya mshale na kujua, kwa mazoezi, iko chini ya kitovu cha shabaha kwa kiasi gani katika kila umbali. Mita 18 zinatutosha kabisa, na katika umbali huo shabaha ya sentimita 40, ambayo duara lake la kumi lina upana wa sentimita 4 tu, itakufundisha unyenyekevu na subira kwa pamoja.

Sasa nije kwenye mishale, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea kugawa fedha zao. Mshikio wa chuma wa upinde wa mashindano hukatwa ndani hadi kupita katikati, hivyo mshale hukaa karibu sawasawa na ugwe. Mshikio wa mbao hauwezi kukatwa kina kama hicho bila kudhoofika, na kwa hiyo mshale hukaa pembeni, ncha yake ikielekea kushoto kidogo kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Unapoachia, ugwe huusukuma mshale kutoka nyuma wakati ncha nzito ya mbele bado inachelewa kuondoka; ufito, yaani mti wa mshale, hujikunja, huuzunguka mshikio bila kuugonga, hujikunja upande wa pili, kisha hutulia njiani na kwenda ulikotazamwa. Kwa hiyo ufito mgumu mno hauuzunguki mshikio, nao hutua kushoto. Ufito laini mno hujikunja kupita kiasi na kutua kulia. Mkono wako unaweza kuwa umefanya kila kitu vizuri, na bado mishale sita ikatua mahali sita tofauti, kwa sababu hakuna ufito hata mmoja uliokuwa na ugumu sawa na mwenzake.

Dawa yake ni kupima, na kupima si ghali. Nina ubao wenye misumari miwili iliyoachana inchi 26, yaani sentimita 66. Ufito hulala juu ya misumari hiyo, na katikati yake naning'iniza kopo la mchanga lenye uzito wa ratili 2, yaani gramu 907, kisha kwa rula naangalia umeshuka kiasi gani. Ukigawa 26 kwa inchi ulizoshuka ufito, unapata ratili za upinde unaoufaa: ulioshuka milimita 16.5 unafaa ratili 40, na ulioshuka karibu milimita 19 unafaa ratili 35. Mistari ya umri wa mti inayoonekana kwenye kichwa cha ufito iwe imesimama wima wakati wa kupima, na baadaye, kwenye upinde, upande huo ulioelekea chini kopo likining'inia ndio utakaogusa mshikio, kwa kuwa ndio upande wenye ugumu wa uhakika. Utashangaa jinsi fito za ubao mmoja wa msonobari, zilizochongwa na mtu mmoja kwa randa moja hadi unene wa milimita 8, zinavyotofautiana. Katika rundo kubwa mimi huchagua zile zinazokaribiana kwa ratili 5 au pungufu, na zilizobaki huziweka kando kwa rafiki mwenye upinde mwingine.

Baada ya ugumu, pima uzito. Mizani ndogo ya sonara inatosha. Kwa upinde wa ratili 35, mshale uliokamilika usipungue gramu 23, kwa sababu mshale mwepesi mno hauichukui nguvu yote ya mabawa, na nguvu inayobaki huurudia upinde wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usiachie kamwe ugwe usio na mshale, hata kwa kumwonyesha mtu jinsi unavyovutwa, maana tendo hilo moja linaweza kuupasua. Uzito wa ncha nao una kazi: ncha ya gramu 8 huufanya ufito ujikunje zaidi kuliko ile ya gramu 6.5, na ufito mrefu hujikunja kuliko mfupi, kwa hiyo usikate fito zako mpaka umezipiga. Anza na mishale miwili isiyo na manyoya pamoja na mitatu yenye manyoya, piga kutoka mita 10, na ulinganishe. Isiyo na manyoya ikitua kushoto ni migumu, punguza kwa kuweka ncha nzito zaidi. Ikitua kulia ni laini, nawe utakata ufito nusu inchi kwa mara moja, kwa uvumilivu.

Manyoya yawe ya ndege, si ya plastiki, kwa kuwa mshale wetu unapita ukigusa mbao na plastiki ingeusukuma pembeni. Bata mzinga ndiye bora, na wapo wafugaji wengi huku upande wa Njoro na Bahati wasiojua la kuyafanyia manyoya yake makubwa. Nitakukusanyia. Mshale mmoja hutiwa manyoya matatu yanayotoka bawa la upande mmoja, yote ya kushoto au yote ya kulia, kwa sababu mkunjo wake ndio unaouzungusha mshale hewani.

Kuhusu utunzaji nitasema machache, ila uyazingatie, maana huko kwako Kisumu kuna joto na unyevu kuliko Nakuru. Usiuache upinde ndani ya gari lililofungwa juani. Joto hilo hulegeza gundi. Ufungue ugwe kila unapomaliza kupiga, uulaze juu ya vigingi viwili ukutani mbali na dirisha, na usiusimamishe kwenye kona kwa ncha moja, kwani bawa la chini hujipinda taratibu bila wewe kuona. Kuufunga, tumia kamba ya kuukunjia inayoshika ncha zote mbili kwa pamoja. Kuupitisha katikati ya miguu kama wafanyavyo wengine husokota mabawa. Ugwe uwe wa uzi wa dakroni, unaonyumbuka kidogo, na uupake nta ya nyuki mara kwa mara. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka ni kali mno kwa ncha za mbao, na hata kama pembe imewekwa, mimi nisingezitumia.

Kuna jambo moja zaidi, Mwalimu, ambalo mimi na wewe tunalijua bila kuambiana. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka 2008, upinde na mshale vilionekana katika barabara za Nakuru kwa sababu nyingine kabisa, na wapo majirani ambao hawajasahau. Ndiyo maana mimi hubeba wangu ukiwa umefunguliwa ugwe, ndani ya mfuko wa turubai, na sijawahi kuupandisha matatu ukiwa wazi. Wamiliki wa shamba ninapopigia wamearifiwa, mzee wa mtaa ameuona na kuushika, na nyuma ya shabaha pana ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu. Ncha zangu ni za mviringo, zisizo na miiba. Uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu 1977, na mtu akikuuliza upinde ni wa nini, jibu liwe rahisi na la kweli: ni wa kulenga karatasi. Zungumza na wakuu wa mahali unapokusudia kupigia kabla upinde haujafika, wala si baadaye.

Ninachohitaji kwako sasa ni kipimo. Simama umeegemea ukuta, unyooshe mikono yote miwili pembeni bila kujilazimisha, kisha mama watoto apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine. Ugawanye kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 atapata 70, ambazo ni kama inchi 27 na nusu, na huo ndio mvuto wake wa karibu. Uniandikie pia kama utavuta kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na kama jicho lako lenye nguvu ni la upande huo huo. Nikipata majibu kabla ya mwisho wa mwezi nitayapeleka kwa fundi mwenyewe, na wakati anakata mwanzi mimi nitakuwa nimeanza kupima fito zako kwenye misumari.

Ni mimi rafiki yako,
wa Nakuru.