Mwanangu, usikiache hicho kitabu

Mwanangu mpendwa,

Huku sote wazima, baba yako anakusalimia sana, mguu una nafuu. Nimeisikiliza ile voisi yako ndefu kuhusu ubishi wenu kwenye kundi la kusoma hapo chuoni Berlin, nikaona hii siwezi kuijibu kwa meseji ya juu juu, ngoja nikae nikuandikie.

Unasema umekiacha katikati Afterlives, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya zama za Mjerumani huku kwetu, kwa sababu yule mwenzako Mkenya kasema ni kitabu cha kutudhalilisha, eti mtu wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Zanzibar, kapewa Nobel mwaka 2021, halafu anawaanika maaskari weusi wanaochoma vijiji na kupora chakula cha weusi wenzao, na we ukaona haya mbele ya wale Wazungu. Haya hizo nazijua mama. Lakini usikiache, tena nakuomba.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jeshi la Mjerumani huku lilikuwa maofisa weupe wachache na askari weusi wengi. Wakati wa Maji Maji, 1905 mpaka 1907, walichoma mashamba na maghala makusudi ili watu washindwe kwa njaa, amri ilitoka kwa mzungu ila aliyeshika kiberiti mara nyingi alikuwa mtu mweusi, na wengine ni wa nchi hii hii. Sasa tukitaka vitabu vyenye mashujaa peke yao, yule mama wa Ungoni aliyechomewa ghala tunamweka wapi? Atakuwa kachomewa na nani? Msomaji anayesema hayo yasiandikwe kwa sababu yanatuaibisha, mi naona anawalinda wenye bunduki tu, hata kama hajui.

Halafu kuna huyo kijana wa Kijerumani anayesema riwaya imetia chumvi, kwamba askari walimpenda Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Mjerumani huku kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwamba hakushindwa vitani. Hayo kayatoa kwenye vitabu vya jenerali mwenyewe, mzee aliandika kumbukumbu zake mara tu baada ya vita na Wajerumani wengi wamekuzwa na hadithi hiyo. Kweli hawakumkamata, alianzia kuwapiga Waingereza Tanga Novemba 1914 na hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, Zambia, Ulaya vita imeshaisha wiki mbili nzima. Ila muulize hiyo miaka minne alikula nini na mizigo ilibebwa na nani. Muulize kama kasikia njaa ya Mtunya. Ugogo, Dodoma huko, majeshi yalibeba nafaka na ng'ombe na vijana wenye nguvu, kwanza Mjerumani, kisha Mwingereza naye akaja akachukua kilichobaki, mvua nayo ikakataa, njaa ikaua watu wanaokadiriwa 30,000 kati ya 1917 na 1920. Kwenye hadithi ya jenerali ambaye hakushindwa hao watu hawamo kabisa yaani.

Na kuhusu huo upendo wa askari, hapo hapo mjini kwenu kuna jibu. Nenda Brunnenstraße, angalia chini njiani, kuna kibati kidogo cha shaba kimepachikwa kwenye lami ya waendao kwa miguu, kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, wengine wanamjua kama Bayume Mohamed Husen. Mtoto wa Dar es Salaam huyo, kazaliwa 1904, baba yake askari, na yeye mwenyewe akaingia jeshini angali mtoto wa miaka kumi hivi. Mwaka 1929 akafika Ujerumani, akaenda kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwahi kulipwa, wakamwambia muda umepita. Akaomba nishani ya waliopigana, wakamnyima. Akabaki hapo akifundisha Kiswahili na kuhudumu hotelini, akacheza na sinema, mpaka ile ya kumsifu Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa huku Mkono wa Damu, maana ndo kazi aliyopewa mtu mweusi zama za Hitler. 1941 wakamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, wakamtupa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Huyo ndo aliyelitumikia jeshi lao tangu utotoni! Kila nikifikiria zile barua zake za kudai mshahara nachemka.

Na yule wa tatu kwenye kundi lenu, aliyesema eti riwaya ni uongo kwa hiyo msome historia tu, huyo simgombezi sana, historia lazima isomwe, hayo yote niliyokwambia nimeyapata kwa wanahistoria. Ila ajue pia historia inaishiwa wapi. Upande wa Mwingereza wapagazi waliokufa ni zaidi ya 95,000, kuhara, malaria, njaa, mzigo kichwani, na wengi majina yao hayakuandikwa popote, hata tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wengine. Wewe mwenyewe umekulia unanunua madaftari Kariakoo, pale palikuwa kambi ya hao wapagazi, na hakuna anayeweza kukutajia hata watano. Sasa mwanahistoria bila karatasi afanyeje? Gurnah ndo anaingia hapo, anakupa Afiya, msichana anayemngoja kaka yake Ilyas aliyekwenda vitani, miaka inapita hakuna barua, hakuna wa kumuuliza, na ofisi za wakoloni hazina habari na dada wa askari.

We umeishia Ilyas bado hajulikani alipo. Endelea mpaka kurasa za mwisho kabisa, mi sikwambii, ukimaliza ndo uende Brunnenstraße na uende na huyo Mkenya na huyo Mjerumani, wote wawili, mkabishane mkiwa mmesimama pale.

Na ukija Desemba niletee nakala moja, ya kwangu mama yako mdogo kaichukua na naona hana mpango wa kuirudisha.

Mama yako